Mzee Aliyekataa Kuinuka

Vilimani kati ya Runyenjes na Nkubu, kiti cha bustani hakioshwi kwa sababu ni kichafu. Kinaoshwa kwa sababu kuna watu wanakuja. Kitakaa miezi chini ya mparachichi, kinyeshewe, kiangukiwe na matunda, kilaliwe na kuku, na hakuna atakayekisogelea. Kisha simu italia Alhamisi jioni, "Wamesema ni Jumamosi hii," na watu wa nyumba nzima watakumbuka kwa mpigo mmoja kwamba wana viti.

Simu ya namna hiyo iliingia Julai moja kwa karani mstaafu wa chama cha ushirika cha kahawa, upande wa Embu. Kitindamimba wake alikuwa amepata mchumba kutoka Imenti Kusini, kaunti ya Meru, na wazee wa upande wa mume walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari. Guka, kama wajukuu wanavyomwita, alitoka na tochi kwenda kukagua samani zake za nje: benchi moja refu, viti sita vya mbao vyenye mikono, na meza ya duara. Aliporudi ndani, mkewe, ambaye wajukuu humwita Cucu, alimuuliza vikoje.

"Vimezeeka."

"Kukushinda?"

Mazungumzo yakaishia hapo.

Mbao zilizonunuliwa zikiwa za kahawia zilikuwa sasa za kijivu. Upande usiopata jua ulikuwa umeota ukoga wa kijani, mikono ya viti ilikuwa na mabaka meupe ya kuku, na meza ilikuwa imehifadhi doa la kila parachichi lililodondoka tangu Pasaka.

Kwa haki, hali ya hewa ya huko haina huruma na mbao. Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya majani chai yaliyo juu yake yanazidi kupanda kuelekea Mlima Kenya. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake, Julai na Agosti, hakunyeshi wala hakukauki: kuna ukungu na manyunyu, na nguo iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa vilevile. Jua nalo likitoka halina mchezo. Ikweta inapita kusini kidogo ya mji wa Meru, kwenye barabara ya kwenda Nkubu, ambako wasafiri husimama kupigwa picha kando ya kibao, na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua la adhuhuri husimama wima juu ya vichwa vya watu na viti vyao. Miale yake ya urujuanimno huvunja lignini, ile dutu inayozishikanisha nyuzi za mti. Mvua huiosha ikaenda zake, na kinachobaki juu ni nyuzi tupu za kijivu. Lakini ubovu huo ni wa juujuu, haufiki hata milimita moja ndani. Kiti cha kijivu kimeota mvi tu, na mvi, kama Guka alivyokuwa akithibitisha kila asubuhi mbele ya kioo, hazimzuii mtu kubeba mzigo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa nasaba ya viti vyenyewe. Guka alivinunua kwa kuambiwa ni Meru oki. Mti huo, ambao wataalamu huuita Vitex keniensis, asili yake ni misitu ya mashariki ya Mlima Kenya. Si mwaloni wa Ulaya. Umo katika ukoo mmoja na msaji, mrehani na mnanaa. Mbao yake inapendwa, na imependwa hadi mti wenyewe ukaorodheshwa miongoni mwa ile iliyo hatarini. Kisha Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, siku ambazo zilinyooshwa na kunyooshwa hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo. Kwa miaka hiyo, fundi aliyetaka mbao aligeukia mashamba ya watu, na mashamba ya Embu yamejaa mgrevilea, au mukima kama wenyeji wanavyouita, mti uliotoka Australia kuja kuipa kahawa kivuli.

Mukima si mbao mbaya. Ila ukipakwa rangi ya kahawia na kuuzwa kwa jina la Meru oki, una tabia ya kujitambulisha wenyewe. Masika ya kwanza yaliiosha rangi ile ikaishia kwenye gauni jeupe la mke wa mchungaji, na chini yake yakajitokeza madoadoa yanayometameta ambayo mtoto yeyote wa Embu aliyewahi kupasua kuni anayajua. Baadaye viungio vikaanza kulegea, kwa kuwa mti ulikuwa umetoka shambani kwenda kwa fundi bila kupumzika. Mbao mbichi inapokauka husinyaa upana, si urefu, ndiyo maana maseremala wa zamani walikuwa na kanuni ya kuianika kivulini mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Mbao za Guka zilikauka zikiwa tayari ni viti. Kila aliyekaa alisikika.

Ijumaa asubuhi, basi, nyumba iligawanyika katika madhehebu matatu ya usafi. Cucu aliamini majivu na gunzi la mahindi, dawa iliyong'arisha sufuria za mama yake. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa nyumbani akisubiri kujiunga na chuo, aliamini mashine ya kuoshea magari iliyo sokoni. Guka aliamini kemikali.

Mjukuu ndiye aliyeanza. Alilifunga benchi nyuma ya bodaboda, likakingama barabarani kiasi kwamba mbuzi wa kushoto na wa kulia walilazimika kusimama lipite. Kijana wa kuosha magari hakuwa amewahi kuletewa benchi, lakini biashara ni biashara. Alitoza bei ya pikipiki. Sasa, maji yenye shinikizo la kung'oa tope la Mbeere kwenye chasisi ya lori hayajui kuchagua. Kwenye mbao laini yaling'oa ukoga, yakang'oa zile sehemu teketeke zilizo kati ya mistari ya mti, kisha yakaziacha nyuzi zote zimesimama. Benchi lilirudi nyumbani likiwa safi kuliko lilivyowahi kuwa, na lina manyoya. Cucu alipitisha kiganja juu yake, akakiondoa haraka.

"Hili sasa tafuteni wa kulinyoa."

Majivu yake yeye yalifanya kazi vizuri kuliko wanaume walivyotaka kukiri. Majivu yakiloweshwa hutoa magadi, magadi hukata mafuta, na parachichi bivu ni mafuta matupu. Kasoro ilikuwa mkono. Sufuria husuguliwa kwa kuzungusha, ilhali mbao husuguliwa kwa kufuata mistari yake, na Cucu amesugua sufuria maisha yake yote. Meza ikatoka bila doa hata moja la parachichi, imechorwa duara ndani ya duara mpaka ukingoni.

Ikafika zamu ya kemikali. Guka alijaza ndoo maji, akatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akasugua. Ukoga haukutishika. Akaongeza dawa, ukoga ukakaa. Ndipo alipokumbuka ile chupa nyingine, ya kuoshea choo, iliyoandikwa ubavuni kwamba ina asidi, akamimina humo humo kwenye ndoo ili ukoga ukome. Dawa ya nguo nyeupe ni hipokloraiti ya sodiamu. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Chini ya mparachichi wa Embu walioikimbia kwanza walikuwa kuku, wakafuata wajukuu, na wa mwisho alikuwa Guka mwenyewe, macho yakimtiririka, akisisitiza katikati ya kikohozi kwamba ni vumbi. Bahati ilikuwa upepo wa mlimani na ukweli kwamba walikuwa nje. Ndani ya bafu lenye mlango uliofungwa, kisa hiki kisingekuwa cha kuchekesha. Cucu alisimama barabarani, leso puani, akauliza kwa mbali kama ukoga umekufa.

Ukoga ulikuwa mzima. Ulikuja kuondolewa alasiri na mtoto wa darasa la pili kwa sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu na brashi laini, vitu ambavyo vilikuwa jikoni tangu asubuhi.

Kilichobaki ni kung'arisha. Guka alichukua bodaboda hadi duka la vifaa vya ujenzi, akaomba vanishi.

"Ya ndani au ya nje, mzee?"

"Ya Jumamosi."

Muuzaji akampa ya bei nafuu, ambayo ilikuwa ya ndani. Vanishi ya nje hutengenezwa iwe na unyumbufu kidogo, ili mbao ikivimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua ngozi yake ivutike nayo, na huwekwa viungo vya kuzuia miale ya jua. Ya ndani hukauka ikawa ngumu, na ikipelekwa nje hupasuka, maji yakapenya kwenye nyufa na kunaswa humo. Hata hivyo, ili vanishi ipasuke lazima kwanza ikauke, na hapo ndipo penye hadithi.

Vanishi ya mafuta haikauki kwa namna ya nguo. Thina iliyomo huruka hewani, kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni polepole na kujifunga yakawa ngozi. Baridi huchelewesha kazi hiyo, na unyevu pia. Kopo lilieleza wazi: mbao iwe kavu, mpako mmoja mwembamba, usiku mzima wa kungoja, ndipo mwingine ufuate. Guka aliyasoma maelezo hayo kwa miwani ya kusomea, akayaelewa vizuri sana, akapaka mipako mitatu mfululizo kabla ya magharibi, juu ya mbao zilizokuwa bado na maji ya kuoshewa. Usiku ukungu wa Julai ukashuka. Saa isiyojulikana kuku mmoja alivuka meza kutoka mashariki hadi magharibi, na nyayo zake zimo hadi leo.

Alfajiri Guka aligusa mkono wa kiti kwa kidole cha shahada. Kidole kilitoka safi, akatangaza ushindi. Hakuzingatia kwamba kilichokauka ni utando wa juu tu, wala kwamba kidole si mzee mnene aliyevaa koti la sufi, atakayekaa kutwa akiipasha vanishi joto kwa mwili wake.

Wageni walifika saa tano kwa matatu ya kukodi. Msemaji wao, kutoka Nkubu, alikuwa ni mzee wa aina ambayo Meru haijawahi kupungukiwa nayo: mtaratibu, mwenye bakora, mwenye kusema neno moja na kuliacha likae. Kwa heshima yake alipewa kiti kilichopakwa vizuri kuliko vyote. Ikaletwa chai, ikaletwa nduma na viazi vitamu, zikasemwa habari za mvua na bei ya kahawa. Mchungaji akainuka kuomba. Watu wote wakainuka. Mzee wa Nkubu akabaki ameketi, ameinamisha kichwa.

Wazee wa Embu walitazamana. Baada ya maombi mjomba wa bibi harusi alienda kumsalimu kwa mikono miwili. Mzee alimpa mkono bila kuinuka. Chakula kilipotengwa mezani, aliomba aletewe pale alipo. Mjomba mwingine alijaribu hila, akamwalika atembezwe shambani aone makadamia. Mzee alitikisa kichwa taratibu akasema, "Ninayaona kutoka hapa."

Wanaojua mazungumzo ya mahari wanajua kwamba mikao nayo ni lugha. Wazee wa Embu waliomba ruhusa kwenda kando, wakasimama nyuma ya ghala la mahindi kushauriana. Mmoja alisema mgeni amekasirishwa na hesabu waliyoitaja. Mwingine alisema amewahi kusikia habari za mzee wa aina hii, asiyeinuka mpaka atakalo liwe. Wa tatu alitaja Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, na kuuliza kama kuna anayetaka kushindana kwa subira na watu waliolelewa kwa hekima ya namna hiyo. Waliporudi, ng'ombe wawili walikuwa wameondolewa kwenye hesabu. Asali ilibaki, hakuna aliyethubutu kugusa asali. Mzee wa Nkubu alishukuru kwa maneno machache, akiwa ameketi.

Jioni, ilipobidi sasa aondoke, alishika bakora kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi, akainuka. Kiti kikainuka naye.

"Guka," mtoto mmoja akapaza sauti, "mgeni anaenda na kiti!"

Vijana wawili walishika miguu ya kiti, wengine wawili wakamshika mzee, na pande hizo mbili zikaachana kwa sauti iliyosikika barabarani. Manyoya ya koti yalibaki kitini na kipande cha vanishi kikaondoka na koti. Alipoulizwa kwa nini hakusema, mzee alieleza kwamba alijua tangu kikombe cha kwanza cha chai, lakini mgeni hawezi kulalamikia kiti cha watu wanaompa binti. Wazee wa Embu walisimama wakihesabu kimoyomoyo ng'ombe wawili waliopotelea kwenye kopo la vanishi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mbele ya mashahidi, na neno la wazee halirudi zizini.

Jumatatu aliitwa fundi, na huyu hakuwa yule wa Meru oki. Alikwangua vanishi yote, akapiga msasa mkavu kwa kufuata mistari ya mbao, namba 80 kisha 120, akalinyoa na benchi. Akashauri vanishi iachwe kabisa, mbao ilishwe mafuta ya kitani yaliyochanganywa na thina kidogo. Mafuta hupenya badala ya kukaa juu, hivyo hayana ngozi ya kupasuka, na yakichakaa hupakwa mengine bila kukwangua chochote. Kila kiangazi kitambaa na nusu saa kwa kiti vinatosha.

Guka, mtu asiyetupa kitu, alivikusanya vitambaa vyenye mafuta akavipeleka ghalani, juu ya kuni. Fundi alimkimbilia. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni, na kazi hiyo hutoa joto. Vitambaa vikirundikwa, joto halina pa kutokea, vikaweza kuwaka bila kiberiti. Tarehe 23 Februari 1991 vitambaa vya namna hiyo, vilivyoachwa na mafundi, viliwasha moto katika jengo la ghorofa 38 la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, na wazimamoto watatu wakafa. Dawa yake ni kuvitandaza nje kimoja kimoja hadi vikauke, au kuviloweka kwenye maji. Tangu siku hiyo Guka huvianika kwenye seng'enge, na wapita njia hudhani ni nguo zake.

Miguu ya benchi ilikuwa na kesi yake. Ncha ya mguu ni sehemu ya mti iliyokatwa kwa kukingama, ambapo mishipa yote iko wazi, kwa hiyo ndiyo inayonyonya maji kuliko ubavu wowote wa mbao. Ikikaa udongoni, mchwa nao hujenga mfereji wao wa tope wakapanda moja kwa moja bila kuonekana. Guka alikuwa akipambana nao kwa oili chafu ya gereji. Mchwa walipungua kweli, pamoja na nyasi zote za pale na suruali mbili za wageni, na oili ile ikishachujika kwenye udongo haiachi kuelekea kisimani. Fundi alikata ncha zilizooza, akazilisha mafuta hadi zikakataa, akauweka kila mguu juu ya jiwe bapa. Mawe hayakulipiwa chochote. Guka, ambaye oili chafu nayo alikuwa akipewa bure, hakufurahi.

Desemba, mvua za vuli zilipokwisha, Embu ilifanya ziara ya kurudisha heshima Nkubu. Huko hakukuwa na kiti cha mbao. Mzee wa bakora aliwapokea kwa viti vya chuma vilivyochomelewa na mafundi wa jua kali, vimepakwa rangi ya glosi ya kijani, vinang'aa. "Hivi," alisema akimtazama Guka, "havihitaji lolote."

Vilihitaji, na vilikuwa vimenyimwa. Chuma hupata kutu penye maji na oksijeni, na Imenti ina vyote viwili kwa wingi. Utaratibu unajulikana kwa kila fundi wa kuchomelea: brashi ya waya hadi chuma kionekane, msasa, futa vumbi, paka redi oksaidi, ngoja ikauke, ndipo glosi. Redi oksaidi yenyewe ni kichekesho cha kemia, kwani rangi yake hutokana na oksidi ya chuma, ndugu wa damu wa kutu. Unamwajiri mmoja wa ukoo huo alinde mlango dhidi ya wenzake. Mzee alikuwa ameruka hatua zote akaanzia glosi, siku mbili kabla ya wageni. Kutu haikujali. Iliendelea na kazi yake chini ya rangi, na palipokuwa na matuta madogo Guka alibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia ndani. Mnara wa Eiffel wa Paris, uliokamilika mwaka 1889, hupakwa rangi kila baada ya miaka saba hivi, kwa tani zinazofika 60, na ndiyo maana bado umesimama. Guka alilieleza jambo hilo kwa sauti ya upole iliyosikika na watu wote.

Wakaketi. Sasa, mirija ya viti vile ilikuwa wazi mwishoni. Mirija iliyo wazi huingiza maji ya mvua na kuoza kutoka ndani, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Kizibo cha plastiki juu na kitundu cha kutolea maji chini humaliza shida hiyo. Lakini kabla ya kuoza, mirija hiyo ni nyumba, na nyumba hizi zilikuwa na wapangaji. Guka alipoegemea nyuma, nyigu walitoka kuuliza ni nani.

Aliinuka. Mjomba aliinuka, na mjomba wa pili, aliyekuwa akijulikana kwa maumivu ya goti, aliruka mfereji wa maji. Mzee wa Nkubu peke yake alibaki ameketi, maana nyigu walikuwa wa upande wa pili. Wakati vijana wakiwafukuza kwa moshi wa majani mabichi, alisema kwamba anafurahi kuona wakwe zake wa Embu ni watu wepesi kuinuka.

Harusi ilifanyika Agosti iliyofuata, na pande zote mbili, bila kushauriana, zilikubaliana kwamba viti vikodishwe. Vikaja na hema: viti vyeupe vya plastiki, jamii ya kile ambacho Mfaransa Henry Massonnet alikiunda mwaka 1972 kwa kuyeyusha plastiki na kuimimina kwenye kalibu moja, kiti kizima kikitoka chini ya dakika mbili. Kimezunguka dunia kuliko kiti kingine chochote. Mhandisi Mmarekani Don Schoendorfer alikifunga magurudumu, akaanzisha shirika mwaka 2001 ili watu wasioweza kutembea wapewe viti vya magurudumu vya bei nafuu. Nacho kina udhaifu wake: jua la ikweta huivunja plastiki kidogo kidogo hadi ikatoa unga mweupe, ambao suti nyeusi huuonyesha vizuri, na siku moja mguu hukatika bila kuaga. Waalikwa wazoefu wa Embu na Meru hupachika viti viwili, kimoja ndani ya kingine, ndipo wakae. Kuvisugua kwa waya wa sufuria ni kuvichimbia mikwaruzo ya kuhifadhi uchafu. Sabuni na kitambaa vinatosha, na kivuli kinashinda vyote viwili.

Mwenye hema alivihesabu usiku kwa tochi, kimoja kimoja, kama kazi yake inavyomtaka. Akakuta kimoja zaidi ya alivyoleta. Kilikuwa na herufi za kanisa moja la Nkubu, zimepakwa nyuma kwa rangi nyekundu. Hakuuliza, akakipakia na vingine kwenye lori likaondoka. Dakika chache baadaye mzee wa bakora alitoka kwenye maakuli akitafuta kiti chake, kiti alichokuja nacho kutoka Meru juu ya keria ya matatu, kwa kuwa alikuwa ameapa kwamba hatakaa tena juu ya chochote cha Embu asichokijua.

Simu zilipigwa. Mwenye hema alisema viti vyote ni vyeupe. Kanisa nalo lilitaka kiti chake. Wazee wakaenda kando tena, safari hii nyuma ya hema, na mahari ikiwa ni deni lisilomalizwa kwa siku moja, suluhu ilipatikana pale pale. Kwenye daftari linalotunzwa na mjomba, chini ya mbuzi waliokwisha kuletwa na blanketi ambazo bado, kuna mstari unaoelekea upande usiozoea kudaiwa: Embu kwa Meru, kiti kimoja cha plastiki, cheupe, chenye mikono, kiletwe kikiwa kikavu.